Mtangazaji wa Mpira Hupimwa kwa Pumzi

Mjini Bunia kuna kijana ambaye watu wameanza kumwita "Charles Hilary wa Ituri". Nimemsikiliza, nikamsikiliza tena ili nisimwonee. Goli likiingia anaivuta ile "goooo" mpaka sauti inapasuka, kisha anamwaga maneno matamu aliyoyapanga tangu asubuhi. Hapa Marabo, kwenye nyumba za video kando ya barabara ya kwenda Komanda, wakubwa kwa wadogo wanatikisa vichwa kwa kuridhika. Wanasema Hilary amerudi. Hilary hajarudi. Charles Hilary alifariki Mei 11, 2025, na anayempa kijana huyu jina lake hakuwahi kumsikiliza marehemu kwa makini hata nusu ya kwanza ya mechi moja.

Mwaka ule ulitupiga mara mbili. Februari 7 alitangulia Leonard Mambo Mbotela wa Kenya, akiwa na miaka 84. Miezi mitatu baadaye akafuata Hilary. Watu waliandika rambirambi nyingi, na karibu zote zilisema kitu kimoja: alikuwa na sauti nzuri. Hiyo ni sifa ya kumpa mtu usipojua umsifie nini. Sauti nzuri wanazo waimbaji wa kwaya, wanazo wauza samaki sokoni. Kutangaza mpira ni kazi nyingine, na ina vipimo vyake.

Sisi wa Ituri tulimpata Hilary kwa njia ya mbali. Mzaliwa huyo wa Zanzibar alipita Radio Tanzania Dar es Salaam, shule ya watangazaji kina Ahmed Jongo, akaenda Radio One, akavuka bahari mpaka Deutsche Welle, kisha BBC London, halafu akarudi nyumbani kwenye televisheni ya Azam. Mwisho akawa Msemaji Mkuu wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Alipokuwa Ujerumani na Uingereza ndipo alipoingia kwenye nyumba zetu. Jumamosi BBC walikuwa na Ulimwengu wa Soka, Ligi Kuu ya Uingereza ikitangazwa moja kwa moja kwa Kiswahili, na wazee wa hapa walianika mawe ya redio, yaani betri, juani tangu asubuhi ili yapate nguvu ya kufika dakika ya tisini. Mawe yakianza kuchoka, sauti inashuka, watu wanasogeza vichwa. Anayetangaza kwa watu waliosogeza vichwa namna hiyo hana ruhusa ya kupoteza neno. Kizazi kile cha watangazaji kilijua kwamba upande wa pili yuko mtu anayeishiwa mawe. Hawa wa leo hawajui, na inasikika.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, lile ambalo msikilizaji wa kawaida halisikii kabisa. Ni pumzi. Usisikilize mtangazaji anapopiga kelele. Msikilize anapovuta hewa.

Mpira ukitoka nje, mshika kibendera ameinua, beki anakwenda kuuokota taratibu. Hapo fundi anafanya mambo mawili: anakupa matokeo na dakika, halafu ananyamaza. Kimya hicho ni kifupi, na uwanja unakijaza kwa ngoma na vuvuzela, wewe unadhani amekuachia usikie mashabiki. Ni kweli amekuachia, lakini wakati huohuo anajaza kifua. Mpira unarushwa. Katikati ya uwanja ana nafasi, kwa hiyo sentensi zake ni ndefu: nani kampelekea nani, winga yuko wapi, beki tatu amepanda na nyuma yake pamebaki wazi. Mpira ukikaribia lango sentensi zinafupika. Ukiingia kumi na nane vitenzi vinaisha kabisa, yanabaki majina. Tuseme ni Yanga ile ya Wakongo wetu. Pembeni ungesikia: "Djuma Shabani anapanda nao, anamtazama mlinzi, anarudi ndani, anatafuta mtu wa kumpa." Ndani ya kumi na nane ungesikia: "Bangala. Aziz Ki. Mayele." Hapo kifua bado kimejaa, maana majina matatu hayali pumzi. Mayele akipiga, mtangazaji ana hewa ya kutosha kusema goli, kusema mguu gani, kusema nani katoa pasi, na bado akabaki na ya kukupa dakika.

Asiyejua kazi hufanya kinyume. Katikati ya uwanja, ambako hakuna kinachotokea, anameza hewa ovyo na kuzungumzia mshahara wa mchezaji. Winga akimimina majalo anaanza kukimbia kwa maneno: sentensi inarefuka, sifa juu ya sifa, na shuti linapopigwa kifua ni kitupu. Ndiyo maana anapiga ukelele. Ule "goooo" mrefu unaosifiwa mjini Bunia ni pazia. Nyuma yake mtu anatafuta hewa na anatafuta jina la mfungaji. Fanya jaribio hili mwenyewe mechi ijayo: ukelele ukiisha, hesabu ni muda gani unapita kabla hujaambiwa nani alitoa pasi ya mwisho. Kwa fundi, hujamaliza kuinuka kwenye kiti umeshaambiwa. Kwa kijana wetu, mara nyingi huambiwi kabisa, mpaka marudio yaonekane kwenye kioo.

Watu hunijibu kwa kumtaja Víctor Hugo Morales wa Uruguay, aliyetangaza lile goli la pili la Maradona dhidi ya Uingereza pale Azteca, Juni 22, 1986, akalia hewani. Wanasema: unaona, hisia ndiyo kazi. Sikilizeni tena, jamani. Kabla hajalia alikwenda na Maradona tangu upande wa Argentina. Machozi yalikuja kazi ilipokwisha. Wanaomwiga wanaanza na machozi.

Hilary alikuwa na pumzi ndefu kuliko wote niliowahi kusikia kwa Kiswahili. Sauti yake ilikuwa nzito na haikuwa na haraka, na watu wakadhani ni utulivu wa kuzaliwa nao. Mimi naamini ilitoka kwenye muziki. Tanzania walimwita Mzee wa Macharanga, kwa ule muziki wa Kicuba aliokuwa akiupiga redioni. Katika charanga fidla zinazunguka, zinazunguka, na filimbi haiingii mpaka iachiwe nafasi. Mtu aliyelelewa na muziki wa namna hiyo anajua kungoja. Hawa wanaolelewa na midundo ya simu wanaingia wote kwa mpigo mmoja, mwanzo mpaka mwisho.

Kwa Mbotela pumzi ilikuwa ya aina nyingine. Yeye alitoka Freretown, Mombasa, akaingia Sauti ya Kenya mwaka 1964, na mwaka 1966 akaanzisha Je, Huu ni Uungwana?, kipindi cha adabu kilichodumu zaidi ya nusu karne, redioni na baadaye kwenye televisheni. Mpira aliutangaza kama mtu anayekueleza jambo barazani, kila neno limevaa nguo. Enzi za Mahmoud Abbas langoni, Kenya ikibeba Kombe la Challenge mwaka 1981, 1982 na 1983, mtangazaji wa namna yake ndiye aliyemfanya mtu wa kijijini amwone kipa ambaye hajawahi kumwona. Agosti 1, 1982, wanajeshi waasi walimtoa nyumbani kwake alfajiri, wakampeleka studio asome tangazo kwamba serikali imepinduliwa. Alisoma, silaha zikiwa pale pale. Nalitaja hilo kwa sababu moja tu: pumzi inayoweza kubeba tangazo hilo haikupatikana siku ile. Ilijengwa kwa miaka mingi ya kazi.

Matapeli nao wana alama zao. Yupo anayekosea jina la mchezaji, na badala ya kurekebisha, anabuni pasi. Amesema mpira uko kwa namba sita, kumbe ni namba nane. Basi namba sita "anamwachia" namba nane, pasi ambayo haikupigwa na mtu yeyote. Nyumbani huwezi kugundua. Uwanjani watu wenye redio sikioni wanatazamana. Yupo pia anayejidai yuko uwanjani, kumbe amekaa mjini mbele ya kioo. Huyo anakamatwa na mashabiki: kelele za uwanja zikitangulia, yeye akafuata nyuma, ujue anaona picha iliyochelewa. Mtangazaji aliyeko uwanjani huenda sambamba na umati, na mara nyingine huutangulia kidogo, kwa sababu ameona winga ameinua kichwa.

Na yupo wa tatu, anayenichosha zaidi, mwenye karatasi ya misemo. Vijana wengi sasa wanamwiga Peter Drury wa Uingereza, wanaandaa ushairi nyumbani. Drury ana kipaji chake na Kiingereza chake. Lakini shairi la kuandaa linangoja goli, na mtangazaji anayengoja goli hatazami mechi. Mtangazaji mwenye karatasi asipewe kipaza sauti. Hilo sijadili.

Kuhusu majina sitasema mengi, maana kila Mkongo ana uchungu wa kusikia majina yetu yakiharibiwa. Desemba 2010, klabu yetu ya Mazembe ilipoifunga Internacional ya Brazil mabao mawili kwa bila kule Abu Dhabi, dunia nzima ilibidi ijifunze kulitamka jina la mfungaji Kaluyituka. Anayeona uvivu kulitamka jina la mtu vizuri ataona uvivu katika kila kitu. Siku zile zile Kidiaba, kipa wa Mazembe, alikuwa akishangilia kwa kuruka chini kwa makalio, miguu imenyooshwa mbele, mikono hewani. Hicho ni kipimo kizuri sana cha redio: mwelezee hilo mtu asiyeona. Aliyesema tu kwamba kipa "anashangilia" alikuwa amefeli.

Televisheni ina balaa lake. Picha ipo, kwa hiyo mvivu hana la kufanya, naye anakusimulia unachokiona. Anakimbia, anaanguka, anasimama. Macho ninayo. Hilary alipohamia kwenye kioo alifanya ambacho watangazaji wachache wa redio wanaweza: alipunguza. Mtangazaji wa televisheni anatakiwa aseme kile ambacho kamera imekiacha nje. Nani anapasha misuli kando ya benchi? Beki gani anachechemea tangu ile faulo? Kwa nini mwamuzi amepeleka mkono kwenye mfuko halafu akaurudisha? Ili ujue cha kupunguza, ni lazima uwe umewahi kubeba vyote. Ndiyo sababu nasema, na hakuna atakayenibadilisha, kwamba asiyeanzia redioni hatakuwa mtangazaji mzuri wa televisheni.

Mengine ni madogo na nayasema haraka. Mtangazaji asicheke utani wake mwenyewe. Asiseme "mpira wa miguu ndivyo ulivyo". Asimsifu mchezaji kabla ya dakika ya ishirini. Mpira ukisimama, atoe matokeo, hata kama ameyatoa sasa hivi, kwa sababu daima yuko papa mmoja anayefungua redio wakati huo, anatoka shambani na jembe bado liko begani. Na wimbo wa taifa ukipigwa, akae kimya.

Kijana wa Bunia ana koo zuri na anapenda mpira, hilo simnyimi. Lakini hapumui, hatazami, na tumeshampa jina la marehemu kabla hajalifanyia kazi. Wakuu wa redio zetu, hasa ninyi mnaomsukuma kwenye kioo, nawaomba jambo moja. Mtoeni kwenye nyumba ya video. Mpeni kiti kando ya mstari kwenye mechi za shule na za vijijini, huku Marabo na Nyankunde, bila picha na bila karatasi, msimu mzima, na mechi ikiisha mrudishieni kanda yake aisikilize mwenyewe kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Na ninyi wasikilizaji, mpaka hapo, mwiteni kwa jina alilopewa na wazazi wake.