Kazi Isiyo na Jezi

Mbio za baiskeli za Tour de France zina jezi nne, na kila moja ina hesabu yake. Ya njano huvaliwa na mwenye jumla ndogo ya muda, ya kijani na mwenye pointi nyingi, yenye madoa mekundu na mfalme wa milima, nyeupe na kijana anayeongoza wenzake kwa muda. Ni hesabu zisizoachia hata sekunde: mwaka 1989, baada ya zaidi ya kilomita 3,200, Greg LeMond alimshinda Laurent Fignon kwa sekunde 8. Hata hivyo, ufundi unaozibeba mbio zenyewe hauonekani katika hesabu yoyote. Ni ufundi wa msaidizi, yule anayekaa mbele kukata upepo ili mwenzake afike mwisho akiwa bado na nguvu. Ufundi huo ni mkubwa kuliko heshima tunayoupa, na kwa namna tunavyotazama mbio siku hizi, tunazidi kupoteza jicho la kuutambua.

Anayejificha nyuma ya mgongo wa mwenzake huokoa karibu theluthi ya nguvu zake, wakati mwingine zaidi. Hilo kila shabiki analijua. Lisilotazamwa ni kwamba mgongo huo lazima uwe na akili. Upepo ukigeuka na kuanza kupiga ubavuni, msaidizi husoma barabara kama nahodha anavyosoma tanga: yeye hukaa upande wa joshi, kiongozi wake humweka upande wa demani, na mstari mzima hulala mshazari kuvuka lami. Akikaza mwendo ghafla, mwanya hufunguka nyuma yake na kazi yake yote imepotea. Akilegea, wapinzani humpita. Kisha kuna maji. Msaidizi hujirudisha nyuma hadi kwenye gari la timu, hujaza chupa mifukoni mgongoni, nyingine huzishindilia shingoni ndani ya jezi hadi avimbe, halafu hulipanda tena kundi lote akiwa na uzito huo, akipenya kati ya mabega ya watu wanaokwenda kasi, na kumkabidhi kila mwenzake chupa yake bila kumyumbisha. Hayo yote anaweza kuyafanya mara kadhaa kwa siku moja, na mashindano yana hatua 21.

Husemwa kwamba wasaidizi ni wale tu wasio na uwezo wa kushinda. Historia inakataa. Mwaka 1934 René Vietto alikuwa na umri wa miaka 20 na hakuna aliyepanda milima kumzidi. Mwishoni ndiye aliyetwaa ufalme wa milima mwaka huo. Katika mteremko wa Puymorens gurudumu la mbele la kiongozi wake, Antonin Magne, liliharibika. Vietto alilichomoa la kwake akampa, kisha akaketi juu ya ukuta wa mawe kando ya barabara, baiskeli yake haina gurudumu, akilia huku wengine wakimpita. Siku iliyofuata Magne alipata hitilafu tena, na Vietto, aliyekuwa mbele, akageuza baiskeli na kuupanda mlima aliokwisha kuushuka ili amnusuru. Magne alishinda Tour hiyo. Vietto alimaliza wa tano, na hakuishinda maishani mwake. Mwaka 2012 Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alimwacha kiongozi wake Bradley Wiggins kwenye mlima wa kuelekea La Toussuire, akaambiwa redioni asubiri, akasubiri. Paris alifika wa pili nyuma ya Wiggins. Mwaka uliofuata akaishinda Tour mwenyewe. Hao si watu wasio na uwezo.

Wengine watasema timu nayo ina orodha yake, tangu 1930. Ni kweli, lakini orodha hiyo hujumlisha muda wa watatu wa kwanza wa kila timu katika kila hatua. Aliyevuta kundi kilomita 150 kisha akafika wa mwisho, miguu imekwisha, hamo. Zaidi ya hapo, anadaiwa: asipofika ndani ya muda uliowekwa, unaokokotolewa kwa asilimia ya muda wa mshindi, anarudishwa nyumbani. Ni kweli pia kwamba analipwa mshahara, na kwamba kwa desturi mshindi hugawana fedha za zawadi na wenzake. Desturi hiyo ni njema, na yenyewe ni ushahidi kwamba walio ndani ya mchezo wanajua deni liko wapi. Sisi tulio nje ndio hatujui. Zamani mtu alisimama kando ya barabara au alikaa na redio mchana kutwa. Leo tunaletewa dakika mbili za mwisho kwenye simu, mikono juu, jezi inang'aa, basi.

Sidai jezi ya tano. Kazi hii ikiwekewa pointi, watu watazikimbilia pointi na kumwacha kiongozi jangwani. Ninachoomba ni kidogo na kinawezekana. Wahariri wa michezo, mnapoandika nani amevaa njano, andikeni pia nani alivuta kundi tangu asubuhi. Nawe mtazamaji, Julai ijayo washa televisheni saa mbili kabla ya mstari wa mwisho, umtafute aliye mbele peke yake kwenye upepo, na ujifunze jina lake.