Madawati, Karanga na Mtoto Aliyesahauliwa

Hukumu ya kazi yoyote, iwe kitabu, nyumba au mpango wa serikali, hutegemea swali unalolitanguliza. Ukiuliza imegharimu kiasi gani, utapata jibu moja. Ukiuliza imemfaa nani, utapata jibu jingine kabisa. Katika makala haya nakusudia kulihakiki dawati la shule ya msingi kama wahakiki wanavyohakiki riwaya. Ndugu msomaji asishangae. Dawati ni kazi ya akili na mikono ya watu, nalo hueleza waziwazi ni mtoto wa namna gani aliyefikiriwa na waliolibuni.

Basi tulitazame. Dawati tulilolizoea katika shule za Nachingwea na Ruangwa ni meza ndefu iliyofungwa pamoja na benchi lake, la kukaliwa na watoto wawili au watatu. Mara nyingi kimo chake ni kile kile, darasa la kwanza hadi la saba. Mtoto mdogo miguu yake huning'inia hewani, na mkubwa hupinda mgongo siku nzima. Aliyeketi katikati hatoki mpaka mwenzake ainuke. Anayetembelea magongo hana pa kuyaegesha. Anayetumia kiti cha magurudumu hawezi kuisogelea meza, kwa kuwa benchi halitoki. Katika shule moja niliyokwenda kuwakagua walimu wanafunzi wakati wa mazoezi ya kufundisha, mtoto wa namna hiyo aliwekwa kando ya mlango, akiandikia mapajani. Jina lake lilikuwamo katika daftari la mahudhurio, na katika takwimu alihesabiwa kuwa anasoma. Lakini kuandikishwa ni jambo moja, na kushirikishwa ni jambo jingine.

Wapo watakaosema kwamba nchi maskini haina nafasi ya kuchagua vimo vya madawati. Hoja hiyo ina uzito, wala si haki kuibeza. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipotaka watoto wote waingie shule ifikapo 1977, kazi ya kwanza ilikuwa kupata mahali pa kuwaweka. Vivyo hivyo mwaka 2016, elimu bila ada ilipoanza na madarasa kufurika, Rais Magufuli aliiagiza mikoa imalize upungufu wa madawati ifikapo mwisho wa Juni. Watoto wengi waliinuka kutoka sakafuni, na hilo lilikuwa jema. Kasoro ni kwamba kila mahali swali lilikuwa moja tu: yamebaki mangapi? Swali la dawati hili litakaliwa na nani halikuwa na siku yake ya mwisho.

Sisi wa Nachingwea tungepaswa kuwa wa kwanza kuijua hatari ya mpango unaohesabu kabla ya kuuliza. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilimtuma John Wakefield na wenzake kupeleleza ardhi ya Tanganyika kwa ajili ya Mpango wa Karanga. Kwa wiki tisa tu walizunguka, sehemu kubwa wakiitazama nchi kutoka angani, kisha wakapendekeza kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Kongwa, Urambo na Nachingwea zikachaguliwa. Yakaja matrekta, ikajengwa bandari Mtwara na reli ya kuifikia Nachingwea. Ujuzi wa wakulima wenyeji kuhusu mvua na udongo haukupewa uzito. Mwezi Januari 1951 mpango ulivunjwa, baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Reli nayo ikang'olewa miaka michache baada ya Uhuru. Waliopanga walikuwa wasomi wenye nia ya kulisha watu wao. Walichokosa ni kumwuliza aliyekuwa na jembe mkononi. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kwa maneno hatukupungukiwa. Tamko la Salamanca la mwaka 1994 lilizitaka shule za kawaida ziwapokee watoto wote. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge likatunga sheria inayotaka mtoto mwenye ulemavu asome katika shule ya kawaida, isipokuwa pale mahitaji maalumu ya mawasiliano yanapodai vinginevyo. Mkataba huo unaeleza hata namna ya kubuni vitu: vitumiwe na watu wote kadiri iwezekanavyo, bila kuhitaji kurekebishwa baadaye. Hayo ni maneno mazuri sana. Lakini sheria haijui kushika randa. Anayeshika randa ni fundi seremala wa kijijini, na yeye hupewa idadi na tarehe basi.

Tena kasoro hii haikomei kwenye mbao. Mtoto mwenye ualbino huketishwa karibu na dirisha lisilo na pazia, jua likimpiga machoni, kwa sababu nafasi ziligawanywa kwa kufuata urefu. Mtoto aliyelelewa kwa Kimwera hufika darasa la kwanza akaonekana mzito wa akili, kumbe hajaizoea lugha ya mwalimu. Msimu wa korosho unapofika, wengine hubaki mashambani na wazazi, nasi huwaita watoro. Katika kila hali tumemtengenezea nafasi mtoto wa kufikirika, mwenye kimo cha wastani, macho mazima na wazazi wasio na shamba. Kisha yule aliye hai tunamlaumu kwa kutofanana naye.

Tiba yake haidai fedha za kigeni. Mwalimu achukue kamba, apime kutoka kisigino cha mtoto hadi nyuma ya goti, apeleke vipimo kwa fundi. Vimo vitatu vitatosha shule nzima, na dawati la mtoto mdogo hula mbao pungufu. Katika kila darasa liwepo angalau dawati moja ambalo benchi lake halikufungwa. Na kabla kamati ya shule haijapokea kazi ya fundi, wanafunzi waitwe wakae, wainuke, waandike. Aanze yule mwenye magongo. Akishindwa yeye, kazi irudi karakana.

Kwa kipimo hicho, uhakiki wangu wa dawati letu ni huu: limewaondoa watoto wengi chini, nalo lastahili shukrani; lakini halijawapokea wote. Wajumbe wa kamati za shule, kikao kijacho msiishie kuuliza yamebaki mangapi. Ulizeni pia ni nani ambaye bado anaandikia mapajani.