Mianya ya Kanuni katika Michezo ya Video ya Uhusika: Je, Huvunja Mizani?

Katika mijadala yetu ya fasihi kuna hoja inayorudiwa sana: kwamba mchezo wa video wa uhusika, ule ambao mchezaji huvaa nafsi ya shujaa na kumkuza hatua kwa hatua, huharibika mara tu mchezaji anapogundua mwanya katika kanuni zake. Shujaa akishapata nguvu kupita kiasi, wanasema, mgogoro umekufa, na hadithi isiyo na mgogoro si hadithi. Nionavyo mimi, hoja hii inauliza nusu ya swali. (Gemu za mtandaoni naziacha kando, pale mwanya humwumiza mchezaji mwenzako, na hilo halina mjadala.)

Tuanze na Final Fantasy II, iliyotoka Japani mwaka 1988. Humo uhai wa mhusika huongezeka kadiri anavyojeruhiwa vitani. Wachezaji wakang'amua: kwa nini umsubiri adui? Wapige wenzako mwenyewe! Basi Firion anamcharaza Maria, Maria anamcharaza Guy, kisha wanaponyana na kuanza upya, mpaka wote wanakuwa majabali. Sasa tutazame maudhui. Hawa ni vijana waliopokonywa wazazi na Dola ya Palamecia, na kilichowabakia ni kushikamana tu. Maudhui yanawataka wapendane, fani inawashawishi watwangane. Hapa nakubali kabisa kuwa mwanya umeharibu kitu, lakini kilichoharibika si mizani ya nguvu baina ya shujaa na adui. Ni uhusiano wa fani na maudhui.

Morrowind ya kampuni ya Bethesda (2002) ni kesi nyingine kabisa. Mchezaji hutengeneza dawa ya kuongeza akili; akili ikiongezeka, dawa inayofuata huwa kali zaidi; akiinywa hiyo, ya tatu huishinda ya pili. Kwa muda mfupi yule mfungwa aliyeshushwa melini pale Seyda Neen anakuwa na nguvu zisizo na kipimo. Uharibifu mtupu, eti.

Lakini wale miungu watatu wanaoabudiwa katika nchi hiyo, Vivec, Almalexia na Sotha Sil, waliupataje uungu wao? Walikuwa viumbe wa kufa kama wengine. Simulizi zilizomo ndani ya mchezo zinadai kuwa walikula kiapo cha kutovitumia vyombo vya Kagrenac juu ya Moyo wa Lorkhan, kisha wakakivunja. Yaani nao walipitia mwanya! Na walipokwisha kuingia wakawahubiria wanyonge utii, jambo ambalo wasomaji wa riwaya zetu wamelizoea mno. Kwa hiyo mchezaji anayebugia dawa zake hatoki nje ya hadithi. Anautenda upya ule uovu ambao hadithi inauchunguza. Watunzi wenyewe wanaonekana kulijua hilo, maana ukiwa na nguvu za kumuua Vivec, wamekuachia njia ya pili ya kufika mwisho: unaichukua kinga ya mkono, Wraithguard, kwenye maiti yake na kumpelekea Yagrum Bagarn, Dwemer wa mwisho, aitengeneze.

Na mgogoro haufi. Dagoth Ur ukimuua hurudi, hadi Moyo wenyewe upigwe kwa nyundo Sunder na kisu Keening. Nguvu peke yake haimalizi kitu. Sisi tuliosoma habari za Fumo Liyongo hatuna haja ya kushangaa. Liyongo hakuwa na mtu wa kulingana naye, mizani haikuwapo tangu mwanzo, na nani kati yetu amewahi kulalamika? Mvuto uko kwenye kitovu, sindano ya shaba na mkono wa mwanawe.

Penye udhaifu wa kweli katika Morrowind ni sokoni. Mjini Caldera kuna kijishetani kiitwacho Creeper, kinachonunua vitu vyako kwa bei kamili, bila kupunguza hata senti, kikiwa na dhahabu 5,000 mfukoni. Subiri siku moja, zimerudi. Ni mzaha wa watunzi, na unachekesha kweli. Lakini umaskini wa yule mfungwa, ambao ungetuonyesha matabaka ya kisiwa cha Vvardenfell kwa jicho la mnyonge, unafutika na hadithi haidai malipo yoyote. Miungu watatu walilipa kwa kiapo chao na kwa usaliti. Creeper hadai kitu, na mwanya huu sina namna ya kuutetea.