Nani Atalipa Madeni ya Umuaro?

Chukua hadithi kumi za vijana kuhusu Afrika ya zamani. Utakuta kiti cha enzi, ngozi ya chui, na mzee ambaye akikohoa tu kijiji kizima kinanyamaza. Mfalme kawekwa pale kama kabati la sebuleni, lazima awepo. Katoka wapi? Nani kampa? Hakuna anayeuliza.

Basi, wenzangu, someni Arrow of God ya Chinua Achebe, iliyotoka mwaka 1964. Umuaro ni vijiji sita vya Waigbo. Zamani kila kimoja kiliishi kivyake, mpaka wavamizi wa Abam walipozidi kuja usiku, kuchoma nyumba na kubeba watu utumwani. Ndipo vikaungana, vikaita waganga, vikajitengenezea mungu mmoja, Ulu. Ukuhani wake kikapewa kijiji dhaifu, ili mwenye nguvu asije akawapanda wenzake kichwani. Chimbuko lao ni mapatano ya watu wenye hofu.

Na ufalme je? Achebe anautaja kwa mistari michache, nami naona ndipo ulipo moyo wa riwaya. Palikuwa na cheo cha tano, cha mfalme. Anayekitaka sharti kwanza alipe madeni ya kila mwanamume na kila mwanamke wa Umuaro. Hakuna aliyekichukua! Watu hawa ufalme waliujua vizuri sana, ila waliupandisha bei.

Ndiyo maana kisa cha Ezeulu, kuhani wa Ulu, kinauma. Mwingereza Winterbottom anamtaka awe chifu wa serikali, anakataa, anawekwa ndani. Tunampigia makofi. Akirudi, hataki kutangaza siku ya kuvuna viazi vikuu, kwa kuwa viazi vitakatifu vya miezi aliyokuwa kizuizini havijaliwa. Mazao yanaozea ardhini, watu wanalala njaa. Aliyekataa kuwa chifu sasa kashika matumbo ya watu mkononi. Nao hawamsubiri: wanapeleka viazi vyao kanisani.

Lakini nina ugomvi kidogo. Wazo kwamba Waigbo ni watu wanaochukia wafalme limo kichwani mwa Winterbottom, na wasomaji wengi hulimeza zima zima. Nri walikuwa na Eze Nri, kuhani-mfalme aliyeheshimiwa mbali bila jeshi. Onitsha, karibu kabisa na Ogidi kwao Achebe, wana Obi, na masimulizi yao yanataja Benin. Kule Igbo-Ukwu, Thurstan Shaw alianza kuchimba mwaka 1959, akafukua vyombo vya shaba na shanga zaidi ya 160,000, mali za kale za karne ya 9 au 10 hivi. Majirani wa namna hii riwaya imewapa nafasi ndogo mno. Umuaro ingeonekana imechagua, kama tungemwona mfalme ng'ambo ya mto.

Haya si mambo ya vitabuni tu. Machifu waliobandikwa na Waingereza walichangia ghasia za mwaka 1929, wanawake walipoinuka na zaidi ya 50 wakauawa kwa risasi. Tena, tangu mageuzi ya serikali za mitaa ya mwaka 1976, jamii nyingi za vijijini zimepata Eze anayetambuliwa na serikali, hata zile ambazo hazikuwa naye. Hapo hadithi ya chimbuko inageuka ushahidi: nani alifika kwanza, ukoo gani ni mkubwa. Anayeiandika anashika kisu.

Kwa hiyo wewe unayeandika usiku kwa mwanga wa mshumaa, kabla hujamkalisha mfalme wako kwenye kiti, tuonyeshe nani alikichonga, nani alikataa kukikalia, na madeni ya kijiji yako kwa nani. Ukishindwa, mtoe. Hadithi yako itapumua.