Waandishi wa Maneno ya Opereta

Katika opereta za Vienna, sifa zilimwendea mtunzi wa muziki. Waandishi wa maneno mara nyingi walifanya kazi wawili wawili, kama walioandika Die lustige Witwe ya mwaka 1905, ambayo kisa chake walikichukua kwenye tamthilia ya Kifaransa.

Kazi yenyewe ni ngumu. Mara nyingi muziki ulitangulia, na mwandishi akapewa sauti isiyo na neno hata moja. Atafute maneno yanayolingana nayo mizani kwa mizani, mkazo wa neno uangukie kwenye pigo, vina visipotee, na kisa kiendelee kusogea. Noti ya juu kabisa inataka irabu pana, "a" kwa mfano. Konsonanti zikirundikana pale, koo la mwimbaji hubana. Aache pia nafasi ya kuvuta pumzi. Mazungumzo nayo yatoshe kumpa mwimbaji muda wa kubadili nguo. Aliyewahi kukesha na ubeti mmoja anaujua uzito huu.

Miongoni mwa waliofanya kazi hii alikuwa Fritz Löhner-Beda, mmoja wa waandishi wa Das Land des Lächelns ya 1929, muziki wa Franz Lehár. Kwa kuwa alikuwa Myahudi, Wanazi walimkamata mwaka 1938, wakampeleka kambi ya mateso ya Dachau, kisha ya Buchenwald. Hata huko aliandika maneno ya wimbo wa wafungwa. Alifia kambi ya Auschwitz mwaka 1942. Opereta za Lehár ziliendelea kuimbwa Ujerumani, majina ya waandishi wake Wayahudi yakiwa yameondolewa kwenye matangazo.