Krapf Mvita: Siku za Kwanza za Mwalimu Mgeni

Ndugu msomaji, kitabu cha msafiri hufanana na mgeni aliyekaribishwa nyumbani. Huingia, hukaa, hula chakula chetu, kisha hutoka akaenda kuwasimulia watu wengine jinsi tulivyo. Ni haki yetu kumsikiliza, na ni haki yetu pia kuuliza kama masimulizi yake ni ya kweli. Na yakiwa ya kweli, kama ni kweli nzima au nusu yake.

Kitabu ninachotaka tukitie mizanini leo ni cha Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa Afrika ya Mashariki na chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza. Kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1858, kisha kwa Kiingereza mwaka 1860. Ndani yake mwandishi ameeleza safari zake, uchunguzi wake na taabu zake kwa miaka mingi. Sitakipima chote, kwa maana ni kikubwa. Nitashika sehemu moja tu, ile ya siku zake za kwanza katika kisiwa cha Mombasa mwaka 1844. Nimeichagua kwa sababu mimi ni mwalimu, nami naamini kwamba siku za kwanza za mwalimu humfunua kuliko miaka yake yote inayofuata. Siku hizo hajajua bado la kuficha.

Habari yenyewe ni hii. Krapf alikuwa ametoka Uhabeshi, ambako mlango wa kazi yake ulifungwa. Mapema mwaka 1844 alifika Unguja, akapokewa na Sayyid Said, akapewa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wa pwani kuwa ni mtu mwema asiyefaa kuudhiwa. Mwezi wa Mei akahamia Mombasa pamoja na mkewe, Rosine. Haikupita miezi miwili, homa ikawaangusha wote wawili. Julai mwaka huo Rosine alikufa siku chache baada ya kujifungua mtoto wa kike, na mtoto naye akamfuata mama yake. Wakazikwa bara, ng'ambo ya kisiwa. Mume alikuwa mgonjwa kiasi cha kushindwa karibu hata kusimama.

Hapana msomaji mwenye moyo atakayepita hapo bila kuinamisha kichwa. Nami nataka tuanze na sifa, maana mkosoaji asiyeweza kusifu hana mizani, ana shoka tu. Sifa ya kwanza ya Krapf ni uvumilivu. Aliyepoteza mke na mtoto kabla ya kumaliza miezi mitatu katika mji wa kigeni angaliweza kupanda chombo akarudi kwao, wala hapana ambaye angemlaumu. Yeye alibaki. Mwaka 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, wakafungua kituo Rabai, na nyumba yake iliyoko huko imehifadhiwa hadi leo kuwa makumbusho.

Sifa ya pili ni kubwa zaidi, ingawa yeye mwenyewe haipigii ngoma. Kabla ya kufundisha alikubali kufundishwa. Mwezi wa Juni 1844, kabla ya msiba wake, alikuwa ameketi kuifasiri sehemu ya kwanza ya Biblia, Kitabu cha Mwanzo, kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Jaribu kuiona picha hiyo. Mhubiri wa Kikristo ameketi mbele ya kadhi wa Kiislamu, akimwuliza neno hili lasemwaje na lile lina maana gani. Na kadhi, ambaye hakuhitaji lolote kutoka kwa mgeni huyu, anamjibu. Kila mmoja alijua kwamba mwenziwe haamini kama yeye. Hata hivyo kazi ikaendelea, na mwaka 1847 sura tatu za kwanza za tafsiri ile zikachapwa Marekani. Kwangu mimi hicho ndicho kisa bora katika masimulizi yote ya siku zile.

Sasa tuitazame kasoro. Krapf anapoieleza Mombasa, anaieleza kama mtu aliyefika ukingoni mwa dunia, mahali palipokuwa gizani pakingoja taa yake. Lakini msomaji, neno "mbali" halina maana mpaka useme mbali na wapi. Kwa mtu aliyezaliwa Ujerumani, Mombasa ilikuwa mbali. Kwa mabaharia wa Bara Hindi, wa Arabuni na wa Lamu, ilikuwa bandari ya katikati ya njia, ambayo Wareno walikwisha kuijengea ngome tangu mwaka 1593. Na kuhusu giza, sikiliza: Muyaka bin Haji, mshairi mkuu wa Mvita, alikufa mwaka 1840. Krapf alitua miaka minne tu baadaye. Watu waliomsikia Muyaka kwa masikio yao walikuwa wangali wakipita katika vichochoro vile vile alivyopita mgeni wetu. Watoto walikuwa wakisoma chuoni, na Kiswahili kilikuwa kikiandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa muda mrefu kabla ya 1844. Lakini ukisoma masimulizi ya kutua kwake, huhisi hata kidogo kwamba umeingia katika mji wa washairi.

Je, Krapf hakujua? Mwanzoni labda hakujua. Baadaye alijua vizuri. Yeye mwenyewe alikusanya hati za tenzi za kale, mojawapo ikiwa ni ile ya Herekali, utenzi wa mwaka 1728, akaziwasilisha kwa chama cha wataalamu huko Ujerumani mwaka 1854. Basi mkono wake ulikuwa na ushahidi ambao kalamu ya kitabu chake haikuutumia ipasavyo. Alichagua kukiandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi, na sababu mojawapo ilikuwa kuogopa kwamba herufi za Kiarabu zingezidi kufungua mlango wa Uislamu. Sisi leo twasoma kwa herufi hizo za Kirumi, nami siombi tuziache. Lakini ni vema kujua kwamba uamuzi huo haukutokana na umaskini wa pwani. Ulitokana na vita vya mgeni mwenyewe.

Kasoro ya pili inagusa kaburi. Krapf aliwaandikia wakuu wake kwamba kaburi lile la pwani lilikuwa alama ya kuwa mapambano yameanza katika upande huu wa dunia. Ni maneno ya mtu shujaa, lakini ni maneno yaliyopita haraka mno. Mke amegeuka bendera kabla udongo haujakauka. Mimi msomaji ningependa kukaa zaidi hapo: nimjue Rosine alikuwa mtu wa namna gani, na niwajue majirani waliokuja kumpa pole mgeni aliyefiwa. Mwandishi aliyetazama mbele sana hakuwatazama wa kutosha walio kando yake.

Huenda utasema, "Mwalimu, wewe wamhukumu marehemu wa mwaka 1881 ukiwa umeketi salama Nairobi." Umesema kweli, na kwa hiyo ni lazima nijihukumu na mimi.

Nilipohitimu chuo cha ualimu nilipangiwa shule moja huku Kariobangi. Nilikulia upande wa Voi, na Kariobangi nilikuwa naijua kwa uvumi tu. Siku ya kwanza nilishuka kwenye matatu katika barabara ya Outering huku mvua ikinyesha, viatu vyangu vipya vikazama matopeni. Darasani wanafunzi walisema Sheng, nami nikaazimia moyoni kuwaponya ugonjwa huo kabla ya muhula kwisha. Usiku ule nilimwandikia mjomba wangu barua ya kurasa tatu. Nilimweleza matope, kelele za nyundo kutoka kwenye karakana za mafundi wa vyuma, na lugha iliyoharibika. Niliiona barua ile kuwa nzuri sana.

Wiki ya pili niliwapa wanafunzi insha juu ya kazi ya fundi, na ili kuwaongoza nikaandika ubaoni mfano wangu: fundi ashika tindo na nyundo akikata bati la paa. Kijana mmoja wa nyuma akanyosha mkono. "Mwalimu, samahani. Bati jembamba hukatwa kwa mkasi. Tindo ni ya chuma kizito, kama cha pipa." Baba yake alikuwa fundi. Darasa likacheka kidogo, si kwa ubaya. Nikafuta ubao. Kiswahili changu kilikuwa sanifu, lakini kilikuwa kinasema uongo. Chake kilikuwa na makovu ya mtaani, lakini kilikuwa kinasema kweli.

Niliporudi nyumbani likizoni, mjomba alinitolea barua yangu sandukuni. "Mpwa wangu," akasema, "umeniandikia matope, nami nimeyaona. Watoto wako wapi?" Nikaisoma upya. Katika kurasa tatu hapakuwa na jina hata moja la mwanafunzi. Ndipo nilipokirejea kitabu cha Krapf kwa macho mengine. Yeye angalau, katika wiki zake za kwanza, aliliandika jina la mwalimu wake.

Basi hukumu yangu ni hii. Kitabu cha Krapf kisomwe, wala kisisomwe peke yake. Kiwekwe mezani pamoja na mashairi ya Mvita ya zama zile zile, ili kisiwa kiseme na mgeni naye aseme. Pale mwandishi anapozungumza kama mwalimu wa bara zima, tumsome kwa tahadhari. Pale anapoketi kama mwanafunzi wa kadhi, tumsome kwa shukrani. Kazi iliyodumu ilitoka katika kile kiti cha mwanafunzi. Sarufi yake ya mwaka 1850, na kamusi yake kubwa iliyochapwa mwaka 1882 baada ya kufa kwake, zimejaa maneno ambayo watu wa pwani walimpa bure.

Nanyi mnaosoma Kariobangi, Dandora na Huruma, nina neno la mwisho kwenu. Wageni wema wangali wakija mitaani mwenu, kwa kujitolea, kufundisha wiki chache au miaka michache. Na wengi huandika. Wengine watawaandika vizuri, wengine wataandika matope tu. Msiwachukie, maana hata mimi niliandika matope. Wapokeeni, wafundisheni jinsi bati linavyokatwa, kisha nanyi chukueni kalamu. Mombasa ilikuwa na Muyaka kabla haijawa na Krapf, na kwa sababu hiyo leo tunaweza kumpima Krapf. Mtaa usio na mwandishi wake hauna mizani ya kumpimia mgeni.