Flying Cheap: nani alinunua kwa bei ndogo?

Bandugu, kama muko na megabaiti kidogo wikendi hii, tafuteni Flying Cheap, filamu ya uchunguzi ya kipindi Frontline, televisheni PBS ya Marekani. Ilitoka 2010, na anayetuongoza ndani yake ni mwandishi wa habari Miles O'Brien. Iko nzuri. Lakini kichwa chake kinatudanganya, na hapo njo niko na maneno.

Habari yenyewe: usiku wa tarehe 12 Februari 2009, ndege iliyotoka Newark ilianguka juu ya nyumba karibu na Buffalo. Watu 50 walikufa, mmoja wao alikuwa nyumbani kwake. Abiria walinunua tiketi ya Continental, wakapanda ndege yenye rangi za Continental. Kumbe ndege, piloti na wahudumu ni wa kompanyi ndogo, Colgan Air. Kompanyi kama hizo zinachukua watu wa miji midogo, zinawaleta kwenye uwanja mkubwa ambako wanapanda ndege za kompanyi kubwa, na zinawarudisha. Kubwa inauza tiketi na kupanga saa. Ndogo inaleta ndege na jasho.

Nguvu ya filamu iko kwa mapiloti wa zamani wa Colgan. Wanasema polepole, bila kelele, na unaelewa uchovu ni kitu gani. Kopiloti wa ndege ile alikuwa na miaka 24. Alisafiri usiku kucha kutoka Seattle, upande mwingine kabisa wa nchi, ili afike kazini Newark. Mshahara wake haukufika dola 24,000 kwa mwaka. Mtu wa namna hiyo atalala wapi? Kwenye chumba cha wafanyakazi, uwanjani.

Sasa kichwa: "Kuruka kwa bei ndogo". Ukikisoma unafikiri abiria njo alitaka rahisi, akapata rahisi. Apana. Abiria alinunua jina la Continental. Aliyenunua kwa bei ndogo ni Continental yenyewe: ilinunua kazi ya Colgan. Filamu inatuonyesha hayo vizuri, halafu kichwa chake kinamrudishia abiria mzigo. Sisi wa agronomia tunajua jambo hili. Mwenye kuweka etiketi yake kwenye mfuko wa mbegu njo anaulizwa kama mbegu haikuota, hata kama aliyeizalisha ni mkulima mwingine. Hawezi kusema "muulizeni yule wa shambani". Kwa ndege, kompanyi kubwa ilisema karibu hivyo: usalama ni kazi ya Colgan.

Uchunguzi wa serikali ulimwangukia kapiteni: ndege ilipopoteza mwendo, yeye alivuta usukani, wakati ilibidi kushusha pua. Ni kweli. Mwezi wa Agosti 2010, sheria mpya ikapita. Kopiloti sasa lazima awe na saa 1,500 za kuruka, zikiwa na tofauti chache. Lakini fanyeni hesabu: kapiteni yule alikuwa na saa zaidi ya 3,000, kopiloti zaidi ya 2,000. Wote wawili wangepita! Sheria hiyohiyo inamlazimisha muuzaji wa tiketi aonyeshe mapema nani atakurusha. Hiyo kwangu njo sehemu yenye akili zaidi, ingawa watu wanasema tu juu ya zile 1,500.

Kwetu Kongo tuliona kitu cha karibu: Korongo, Lubumbashi, 2012 hadi 2015, Brussels Airlines ikiwa mmoja wa wenye hisa. Angalau ile iliruka na jina lake mwenyewe ubavuni.

Colgan ilifungwa 2012. Continental iliungana na United, na hadi leo mtu wa mji mdogo kule anapanda ndege iliyoandikwa United Express. Jina la kompanyi inayomrusha kweli limeandikwa pia, kwa herufi ndogo, karibu na mlango.